Basi la Wote, Uwanja Bila Muuguzi

Ndugu waombolezaji, majirani, walimu wa chuo, na ninyi wanafunzi mliosimama kule nyuma karibu na geti, familia imemtuma mjomba wa marehemu, ndugu wa mama yake tumbo moja, awasomee maisha ya mtoto huyu, naye anaomba mmvumilie, kwa sababu maisha yenyewe ni mafupi lakini sehemu yake ya mwisho ni ngumu kuisoma, na mama yake, aliyeketi hapa mbele, ameagiza lisirukwe hata neno moja.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 2003 katika hospitali ya serikali, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu, baba yake akiwa dereva wa malori ya masafa marefu na mama yake fundi cherehani. Alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo kiasi cha kuogopwa kushikwa, na alipofikisha miaka minne madaktari wakathibitisha kwamba ana pumu. Nyumbani aliitwa Chiriku, maana mdomo wake haukujua likizo, na wanaomkumbuka utotoni watakubali kwamba hata baada ya kubanwa na kifua usiku kucha, pumzi ya kwanza aliyoipata aliitumia kulalamika kwamba uji umepoa. Alikulia kando ya cherehani ya mama yake, akiokota vifungo na kuwasimulia wateja habari za nyumbani ambazo hazikuwahusu, na mama yake alimkanya sana bila mafanikio.

Elimu ya msingi aliipata kuanzia mwaka 2010 hadi 2016 katika shule iliyo nyuma ya soko, kisha akasoma sekondari ya bweni kuanzia 2017 hadi 2022, na huko ndiko alikouonja mpira wa mikono, akaupenda, ukamshika. Mama yake alifunga safari mpaka kwa daktari kuuliza kama mtoto mwenye pumu anaruhusiwa kukimbizana na mpira, na daktari akamjibu kwamba acheze tu, mapafu hayawekwi kabatini, ila asiwe mbali na dawa yake ya kuvuta wala mbali na mtu anayejua la kufanya dawa ikishindwa. Mama alilishika neno hilo, na kila likizo ilipokwisha alimkumbusha binti yake, na binti alijibu kwamba amesikia, mama, amesikia tangu mwaka juzi.

Oktoba 2022 alijiunga na chuo kikuu kusomea uhasibu, akajiandikisha katika timu ya wasichana ya mpira wa mikono wiki hiyohiyo, kabla hata hajajua maktaba iko upande gani. Familia haitamvika sifa zisizo zake, alikuwa mchezaji wa akiba, kwa miaka karibu mitatu alilijua benchi kuliko alivyoujua uwanja, na wenzake walikuwa wakisema kwamba anapiga kelele vizuri kuliko anavyopiga mpira. Lakini mwaka wa pili walimchagua kwa kauli moja awe mtunza hazina, wakampa jina la Waziri, akalipokea kwa mbwembwe zote, akawa anapita mabwenini kudai michango na begi lake dogo la kiunoni, na aliyemwona akija alikumbuka ghafla kwamba ana kipindi.

Hapa inabidi mjomba aeleze jambo ambalo wazazi wengi hawalijui, kama naye alivyokuwa halijui. Kila mwanafunzi hulipa ada ya michezo pamoja na ada ya masomo, na mama huyu ameilipa kila mwaka kwa fedha ya kushona, lakini chuo hugawa fungu hilo kwa kufuata makombe, timu iliyoleta kombe hupata kwanza, na isiyoleta hupewa kinachobaki. Timu ya wavulana ya kandanda ilisafiri ikilala hotelini, na timu ya Waziri ilinunua mipira miwili kwa mwaka na kuishona yenyewe ilipochanika, yaani aliyekuwa akiishona ni mama wa marehemu, katikati ya sare za shule za watu. Asiye na fedha hafanyi mazoezi ya kutosha, asiyefanya mazoezi hapati kombe, na asiyepata kombe hapewi fedha, mduara ambao binti yetu aliueleza kwa afisa michezo wa chuo mara nyingi, kwa adabu, halafu akarudi nyumbani kumweleza mama yake bila adabu, na mama akauliza hiyo ada anayolipa yeye inacheza mchezo gani.

Kuhusu kazi, marehemu hakuwahi kuajiriwa rasmi, ila katika likizo za Desemba 2023 na Desemba 2024 alishika fedha katika duka la vifaa vya ujenzi, ambalo mwenyewe yupo hapa leo, naye ameshuhudia kwamba droo haikuwahi kupungua. Tajiri huyo alipoombwa kuisaidia timu alikubali kununua jezi kwa sharti la kuandikwa tangazo la saruji kifuani, wasichana wakalivaa hilo tangazo msimu mzima, wapinzani wakawaita mifuko ya saruji, na Waziri akawaambia wenzake wavumilie, mwenye shida hachagui herufi.

Kuhusu ndoa, marehemu hakujaaliwa kuolewa. Kama yupo kijana kati yenu ambaye walikuwa wakizungumza, mama amesema aje ajitambulishe baada ya maziko, hataulizwa kitu, atapewa kiti tu. Mtoto pia hakuacha, ameacha wazazi wake, kaka yake, na mdogo wake wa kike.

Sasa tunafika kwenye ugonjwa na kifo. Jumatatu iliyopita afisa michezo alifika nyumbani akiwa na rambirambi ya chuo, akaketi na wazazi, akalia, na hakuna anayesema machozi yake yalikuwa ya uongo, kisha akaomba kwamba katika historia hii tuandike marehemu aliugua ghafla akafariki, basi. Sababu aliitoa, nayo si ya kijinga, kwamba mambo yakisemwa hadharani jinsi yalivyokuwa, wakubwa watazifunga timu zote ndogo ili wasilaumiwe, na mabinti wa watu wengine watakosa kucheza kwa ajili ya msiba wetu. Wazee wa ukoo walikuwa tayari kukubali, na mjomba huyu anayesoma alikuwa mmoja wao, akiona kwamba maji yamekwisha kumwagika. Mama ndiye aliyekataa, akasema amemzaa huyu mtoto kwa kweli na hatamzika kwa uongo, hata kama kweli yenyewe inamchoma na yeye.

Kweli ni hii. Ni desturi ya timu za wanafunzi kwamba katika mechi ya kirafiki mwenyeji hulipia uwanja na mwamuzi, na mgeni hulipia muuguzi, anayekuja na mtungi wa oksijeni na gari la wagonjwa. Timu yetu ilikuwa mgeni Jumamosi, tarehe 17 Mei 2025, na fedha iliyokuwapo ilitosha kukodi basi dogo pamoja na muuguzi, wachezaji wa akiba wabaki, au basi kubwa la kuwabeba wote, muuguzi asiwepo. Timu hiyo tangu ianzishwe haijawahi kumwacha mchezaji wa akiba nyumbani, ni mwiko wao, wanaujivunia kuliko kombe lolote wasilokuwa nalo, na aliyesimama kikaoni kupendekeza basi kubwa alikuwa mtunza hazina wao, binti yetu, akanyoosha mkono wa kwanza, na wenzake wote wakanyoosha. Akawapigia wenyeji kuwaomba walifumbie macho suala la muuguzi mara hii moja, nao wakakubali, kwa kuwa hata wao walikwisha kuomba hivyo kwa wengine.

Wapo waliosikika jana wakinong'ona kwamba alijipendelea, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa wa akiba na angebaki. Mama amewasikia, na anasema ndiyo, alitaka kwenda, alisubiri karibu miaka mitatu kuitwa uwanjani, na mtu kutaka kucheza si dhambi. Kipindi cha pili mwenzake aliteguka kifundo cha mguu, kocha akamwita, akaingia akicheka. Nyasi zilikuwa zimefyekwa asubuhi hiyo na vumbi lilikuwa jingi. Kifua kilipombana alivuta dawa yake, akavuta tena, haikusaidia, na wenzake kwa mapenzi na hofu wakamlaza chali na kumpepea, jambo ambalo mtu wa pumu hafanyiwi, huketishwa, lakini hapakuwa na mtu wa kuwaambia. Mchuuzi mmoja aliyekuwa akipita na pikapu alisimama, akamwaga magunia yake ya vitunguu barabarani bila kuulizwa, akampakia, akakimbiza gari mpaka hospitali, na huko madaktari walihangaika naye kadiri walivyoweza, akafariki jioni ileile akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili.

Hivyo ndivyo alivyokufa mtoto wetu, hakuugua ghafla, pumu alikuwa nayo tangu utoto na sote tuliijua, alikosa mtu mmoja na mtungi mmoja, navyo vilikosekana kwa sababu watoto wa miaka ishirini waliachiwa kuchagua kati ya mwenzao na uhai wao, wakadhani wanachagua kati ya basi na basi. Mama ameagiza afisa michezo aambiwe, kwa heshima na mbele ya watu, kwamba rambirambi ameipokea na anashukuru, ila wakubwa wake wasithubutu kufunga timu hata moja kwa kisingizio cha binti yake. Mtu akianguka uwanjani haufungwi uwanja, analipiwa muuguzi, na alipiwe kabla ya jezi, kabla ya hoteli za kandanda, kabla ya makombe kuhesabiwa, kutoka kwenye ada ambayo wazazi hawa wamekwisha kuilipa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea, inamshukuru mchuuzi wa vitunguu, ambaye amekataa kulipwa hasara yake na yuko hapa pamoja nasi, inawashukuru majirani walioacha shughuli zao kutupikia na kutuletea maji, mafundi wenzake mama waliomalizia kushona kazi za wateja wake, madereva wenzake baba waliompokea usukani njiani ili awahi kufika, walimu wa idara ya uhasibu, na tajiri wa duka la vifaa vya ujenzi.

La mwisho ni kwenu, wasichana mlioko getini. Mlikuja jana na juzi, mkasimama hapohapo, na kila mama alipoinua macho mlitazama chini. Mama anajua mnaogopa kuulizwa. Amemtuma mjomba awaambie kwamba hajawasamehe, hawezi kusema amesamehe na moyo wake bado haujafika huko, na hatasema uongo mbele ya jeneza hili ili ninyi mlale usingizi. Lakini anasema pia kwamba ninyi ndio mliomshika mkono akitafuta pumzi wakati yeye aliyemzaa alikuwa kwenye cherehani akipima mkono wa gauni la mtu, na anataka kujua kutoka kwenu, si leo, siku mtakayoweza, alisema nini, kwa maana yule mtoto hakukosa kusema neno. Kwa sasa piteni mbele, njooni mlibebe jeneza, wanaume wamekwisha kuambiwa wawapishe.

Binti yetu, Chiriku, Waziri, sisi tuliobaki tutaendelea kuulizana. Wewe pumzika, pumzika kwa amani.