Meno ya Panya, Mpunga wa Kwenye Rejeta

Kwenye benchi lililoegemea ukuta wa gereji, kahawa ilikuwa inazunguka mara ya pili na fundi Spana bado anajisifu. Asubuhi mteja kamletea gari, kaapa halijatoka mjini mwezi mzima. Spana kafungua boneti, kachomoa mashuke ya mpunga kwenye rejeta: bosi, wewe umetoka bondeni. Mteja kanywea. Kisa hicho Spana kishakisimulia mtaa mzima, kuanzia nyumbani kwao. Kilipoisha utamu, wenzake wa benchi wakageukia habari za mdogo wake wa kike, aliyepata kibarua kwa wataalamu wanaochimba kule mlimani. Mama kamwachia Spana aamue, binti aende au abaki.

— Kazi yenyewe ipi? Kinyozi akauliza.

— Kuchekecha udongo, Spana akabetua midomo. Anatafuta meno ya panya. Panya, jamani.

— Ya nini?

— Eti ukiyaona, pamoja na vumbi la maua ya kale, unajua pale mlimani palikuwa na ziwa lenye matete.

— Panya kawaambia?

— Labda kaacha ujumbe.

Mzee Redio, ambaye hakuna asilolijua, akashusha kikombe.

— Hao wanatafuta dhahabu. Panya ni geresha.

— Dhahabu wapi, mzee wangu. Wanatafuta dawa ya upara, Kinyozi akasema. Nia yao nife njaa.

— Basi niwape ya ndani, Mzee Redio akasema. Hilo ziwa wanataka kulirudisha. Benchi hili mtalikalia na samaki.

— Haendi, Spana akakata. Dada yangu hawezi kuwa mkusanya mizoga. Leo leo namwambia.

Hakuwa na haja ya kumtafuta. Binti alikuwa kasimama nyuma yao, begi begani.

— Shikamooni.

— Marahaba, wakaitika, wakijikunyata.

— Kaka, lile gari la asubuhi. Ulijuaje limetoka bondeni?

Kinyozi akamtazama Mzee Redio. Mzee Redio akainamisha birika, likatoa machicha.

— Gari lenu la kwenda huko linaondoka saa ngapi? Spana akauliza, kama anayegombeza.

— Kesho alfajiri.

— Waambie walipitishe hapa kwanza. Hao wasomi wako, rejeta hawaijui.