Sauti Iliyoachwa Chini ya Ngoma

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mwimbaji ambaye mmemsikia miaka nenda miaka rudi, bila kujua kwamba mnamsikia. Wenzake walimwita Chiriku. Chiriku amefariki wiki hii, nyumbani kwake, na mimi nina uchungu. Sitauficha.

Ule wimbo mnaoucheza kwenye kila harusi, aliutunga yeye. Narudia: aliutunga Chiriku, akifua nepi za mwanawe wa kwanza. Lakini sauti mnayoijua ni ya mumewe, kiongozi wa bendi.

Ilikuwaje? Walirekodi kwenye chumba cha nyuma cha duka la redio, magodoro yamegongomelewa ukutani. Fundi wa mashine alikuwa mdogo wake Chiriku, wa tumbo moja. Mashine ilikuwa ya tepu, yenye treki nne tu, yaani njia nne za kurekodia sauti. Ngoma treki yake, gitaa treki yake, sauti ya Chiriku treki yake. Hizo tatu zikijaa, unaziunganisha zote kwenye ya nne, kisha unazifuta ili upate nafasi ya vingine. Ukishafuta, umefuta. Hakuna kurudi nyuma.

Chiriku aliimba mara moja, ikatosha. Mtoto akaanza kulia, mama akatoka kwenda kumnyonyesha kwenye korido. Huku ndani mumewe akasema, "Mshushe sauti huyo. Atanifunika."

"Shemeji, nikimshusha hapa ndiyo basi tena," fundi akajibu.

"Bonyeza, bwana. Tutampandisha mwishoni."

Akabonyeza. Kikulacho ki nguoni mwako. Chiriku aliporudi, mtoto begani, treki zilizofutwa zilikuwa zimeshajazwa tarumbeta na sauti ya mumewe. Wakampigia tepu, akajisikia yuko mbali, kama mtu anayeimba chumba cha pili.

"Nipandishe, mdogo wangu."

"Dada, umeshaungana na ngoma. Nikikupandisha wewe, na ngoma zinapanda."

Mumewe akacheka. "Usijali, mama watoto. Wimbo ujao ni wako."

Wimbo ujao haukuja. Narudia, haukuja mpaka anaingia kaburini.

Chiriku hakuimba tena. Alishona sare za shule. Binti yake ameniambia, "Redio ikiupiga ule wimbo, mama alikuwa anakanyaga cherehani kwa nguvu mpaka uishe. Sisi tulidhani ana haraka ya kazi."

Mwaka huu yule mdogo wake, sasa mvi kichwa kizima, aliipeleka tepu kwa mafundi wa kompyuta wamtenganishe dada yake na ngoma. Wakamtoa, lakini sauti imekwaruzika, maneno yameliwa nusu. Akaenda kumvalisha hedifoni pale kitandani alipokuwa anaumwa. Chiriku akasikiliza kidogo, akazivua.

"Huyu si mimi," alisema. "Mimi uliniacha kule."

Fundi akalia mbele yake. Dada hakumbembeleza, na mimi simlaumu.

Mazikoni mumewe alishika kipaza sauti. "Nimempoteza mwitikiaji wangu," akasema. Watu wakampa pole, na wengine, bila haya, wakaomba kupiga naye picha. Mwitikiaji! Jamani, mwenye wimbo wake ndiye aitwe mwitikiaji?

Poleni sana, wanawe. Mungu awatie nguvu. Pole na wewe mdogo wake, ingawa pole yako naitoa shingo upande. Na wewe unayenisikiliza, kama nyumbani kwako kuna mtu ambaye kila siku unamwambia "baadaye", hebu mtazame usoni leo, angali hai.

Desturi ya kipindi hiki ni kufunga kwa wimbo wa marehemu. Tulikuwa tumeshauandaa. Binti yake akapiga simu kutukataza.

"Mkiupiga huo, mtakuwa mnamkumbuka baba," alisema. "Mama hana wimbo wa kupigwa."

Kwa hiyo leo, wasikilizaji wapendwa, hatupigi kitu.