Kifuniko cha Mashine Namba Tatu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni, sogezeni viti. Kama kuna sufuria inachemka jikoni, mmoja wenu aende akaondoe kifuniko, kisha arudi. Tutamsubiri. Sababu yake mtaijua.

Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye kwa miaka ishirini na saba hakufunika sufuria. Miaka ishirini na saba. Mdogo wake wa kiume, ambaye sasa ni babu mwenye mvi, anasema wali wa dada yake ulikuwa kama changarawe. "Tulikula tu," aliniambia. "Dada mkubwa utamwambia nini? Unatafuna, unasema mtamu."

Alifariki Jumanne iliyopita, asubuhi, akiwa na miaka sabini na moja. Alikuwa mwalimu wa chuo, na alikuwa mtafiti. Alitafiti jambo moja maisha yake yote: kwa nini mtu kazini anaona kosa, analijua, na ananyamaza.

Chanzo kilikuwa baba yake, mtunza ghala. Kila jioni mzee huyo alifika nyumbani, akavua viatu, akamwambia mkewe yote aliyotaka kumwambia mkubwa wake wa kazi. Alisema kwa sauti, kwa vidole, na mishipa ya shingo imemtoka. Waliopanda cheo ni wale wale, waliofokewa ni wale wale. Asubuhi akirudi ghalani ni "Ndiyo mkubwa, hakuna tatizo mkubwa." Binti yake akiwa na miaka tisa alimuuliza, "Baba, mbona makosa ya bosi anafokewa mama?" Mzee alicheka mpaka machozi yakamtoka. Baadaye mke aligundua kwamba kile hakikuwa kicheko tena.

Basi yule mtoto akasoma, akafika mbali, na akabeba swali lake. Aliingia kwenye viwanda, kwenye wodi, kwenye maofisi yenye mazulia. Na mara nyingi alikuta kitu kile kile, sanduku la maoni. Mahali pamoja sanduku lilitundikwa mbele ya dirisha la meneja, hivyo ukitia karatasi unaonekana mpaka soksi. Ufunguo wake ulikuwa umepotea miaka sita. Alipoomba livunjwe, ndani palikuwa na karatasi moja tu: "Tunaomba ufunguo wa sanduku hili."

Alilicheka hilo maisha yake yote. Lakini kazi yake haikuwa mchezo. Aligundua kwamba watu wanaweza kuvumilia hata uamuzi mchungu, mradi wameulizwa na wamejibiwa. Kinachowavunja moyo ni kusema leo, kesho wakapita mbele ya yule waliyemwambia, na yeye akawaangalia kama ukuta. Alisema haki kazini si mgao peke yake. Haki ni mrejesho. Haki ni mtu kukurudia na kukwambia, "Lile ulilosema, tumelifanyia hivi."

Yashikeni maneno hayo, wasikilizaji wapendwa. Ni maneno yake mwenyewe, na yalikuja kumgeukia.

Alikuwa na mtindo wake wa kuuliza. Anakaa na mfanyakazi, wawili tu, kinasa sauti mezani. Anauliza swali moja: "Umeona nini hapa ambacho hujakisema?" Kisha hasemi kitu. Hakohoi, haandiki, wala hamsaidii. Anahesabu moyoni mpaka kumi. Alikuwa akiwaambia wanafunzi wake kwamba mpaka tano mtu anatafuta uongo mzuri, na kuanzia saba anaanza kuchoka kuutafuta. Kwenye nane ukweli unatoka wenyewe. Wafanyakazi wakampa jina: Mama Kimya. Alilipenda sana jina hilo. Alilipenda mpaka alipofika kwenye kiwanda cha kufulia.

Kilikuwa kiwanda kikubwa cha kufulia mashuka ya hospitali. Mvuke, sabuni ya kuwasha pua, sakafu yenye maji saa zote. Mashine za kukamua zilikuwa nne, kila moja kubwa kuliko pipa, zinazungusha mashuka mpaka maji yote yatoke. Mashine namba tatu ilikuwa ya mtu mmoja. Wenzake walimwita Taratibu, kwa sababu hata kengele ya chakula ikilia yeye alimaliza kwanza kukunja alichoshika. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na mke mshonaji.

Taratibu aliulizwa swali lile, na Mama Kimya akahesabu. Kwenye nane, akasema.

"Dada, kifuniko cha mashine yangu hakifungi. Kufuli yake imekufa. Tumekifunga kwa kipande cha shuka. Mashine inazunguka, kifuniko kinagonga. Kisikilize hicho."

Na kwenye ukanda wa kile kinasa sauti, wasikilizaji wapendwa, kinasikika. Nimeusikiliza. Nyuma ya sauti ya Taratibu kuna kitu kinagonga bati. Tak. Tak. Tak.

"Umemwambia msimamizi?" aliuliza.

"Msimamizi? Msimamizi wetu ni funika kombe mwanaharamu apite. Aliyesema kabla yangu alihamishiwa kwenye mashuka ya wodi ya vidonda. Mimi nimekwambia wewe. Umeahidi jina langu halitoki."

Aliahidi kweli. Ahadi hiyo ilikuwa imeandikwa juu ya fomu, na chini ameweka sahihi yake. Hebu vaeni viatu vyake sasa. Mashine namba tatu ina mtu mmoja. Ukitaja mashine, umemtaja mtu. Akifukuzwa, nani mwingine atamwamini mtafiti tena? Utafiti wenyewe ulikuwa bado na watu arobaini wa kuhojiwa. Utaratibu ulisema wahojiwe wote kwanza, majibu yachambuliwe, ndipo ripoti iende kwa wakubwa baada ya miezi minne. Alikuwa mtu wa utaratibu. Akaandika kwenye daftari: "Hofu ya msimamizi, jibu la kumi na moja." Akalifunga.

Siku kumi na tano baadaye, saa nne asubuhi, kile kipande cha shuka kilifunguka. Taratibu alidhani mashine imesimama, akaingiza mkono. Shuka lilimshika mkono, na mashine haikuwa imesimama.

Siku kumi na tano. Hakufika hospitali.

Ripoti ilitoka kwa wakati. Ilikuwa nzuri mno. Wakubwa waliisoma, wakapiga makofi, wengine walisimama. Jibu la kumi na moja lilikuwemo, ndani ya mchoro wa nguzo za rangi, nguzo ya bluu. Binti yake wa pekee alikuwa ukumbini siku hiyo, msichana wa miaka kumi na minne. "Mama alishika meza," aliniambia. "Nilifikiri ni furaha. Tulipofika nyumbani nikabandika chai. Maji yakachemka, kifuniko kikaanza kugonga. Mama akaja mbio kutoka chumbani, akakishika kwa mkono mtupu. Akaungua, lakini hakukiachia."

Tangu siku hiyo hakuna kifuniko kilichokaa juu ya sufuria katika nyumba ile. Mashine ya kufulia hakununua, hata mshahara ulipokuwa mnono. Alifua kwa mikono, akakamua kwa mikono, shuka moja baada ya jingine, mpaka viganja vikachubuka. Dirisha likigonga kwa upepo, aliinuka kulifunga kwa kitambaa, kisha akakitazama kile kitambaa na kukifungua. Wanafunzi wakimwita Mama Kimya, aliondoka bila kuaga.

Tuseme wazi: alikuwa na hatia rohoni. Hakuua mtu, lakini aliambiwa. Kazi yake yote ilikuwa kuwauliza wengine kwa nini hawasemi, na yeye ndiye aliyenyamaza.

Kazini alibadilika. Juu ya fomu zake aliongeza mstari mmoja: "Jina lako nitalificha. Hatari sitaificha, nitaisema leo leo." Wenzake walimpinga. Walisema watu hawatafunguka. Akawajibu, "Wasipofunguka nitakosa takwimu. Hilo nitalimudu." Mstari huo upo mpaka leo kwenye fomu za wanafunzi wake. Jengo moja lilifungwa siku ile ile kwa sababu yake, watu wakatoka salama. Hayo ni mema yake, tuyahesabu.

Lakini kulikuwa na mlango mmoja. Mlango wa mjane wa Taratibu.

Kila mwaka, siku ile ile ya ajali, alikwenda kumtembelea. Alimpelekea vitambaa vya kushonea, akawauliza watoto habari za shule, akasema, "Nilimfahamu kidogo marehemu, alikuwa mtu mwema." Kisha akaondoka. Mwaka wa kwanza hakusema. Mwaka wa tano hakusema. Wa kumi, hakusema. Miaka kumi na tisa, wasikilizaji wapendwa. Alikwenda na maneno mdomoni, akarudi nayo.

Mwaka wa kumi na tisa alimkuta mjane anapika. Wakakaa palepale jikoni, kwenye viti viwili, cherehani pembeni. Sufuria ikachemka, na kifuniko kikaanza. Tak. Tak. Tak.

Yaliyofuata nimeyapata kwa mjane mwenyewe. Alikuja hapa studio jana, mama wa miaka sitini na kitu, miwani imefungwa kwa uzi. Amekubali niyaseme. Na marehemu mwenyewe alimwachia binti yake wosia kwamba yasemwe, redioni, yasipunguzwe.

"Nilimwona anainuka," alisema mjane. "Rangi imemwisha. Nikamwambia, kaa mwalimu. Akakaa. Nikamtazama, na mimi nikanyamaza. Sufuria inagonga, mimi kimya. Ndipo akasema yote. Kifuniko, fomu, siku kumi na tano. Analia kama mtoto."

Nikamuuliza mjane alijibu nini.

"Nikamwambia nilikuwa najua."

Alijua. Alijua tangu mwanzo. Siku ile aliyohojiwa, Taratibu alirudi nyumbani mwepesi, akamwambia mkewe, "Leo nimepata mtu wa kuniuliza. Yule dada ameandika. Mambo yatakaa sawa." Akala, akalala vizuri. Kila jioni, kwa siku kumi na tano, mkewe alimuuliza, "Wamekuja kutengeneza?" Naye akajibu, "Watakuja. Yule dada ameandika."

Nilimuuliza mjane, mama yangu, mbona wewe hukumwambia kwamba unajua? Miaka yote hiyo, anakuja, anakunywa chai yako.

Alivua miwani, akaifuta. "Alikuwa mwalimu wa kusema," akanijibu. "Nikataka nione atasema lini. Mume wangu alimhesabia siku kumi na tano. Mimi nimemhesabia miaka kumi na tisa."

Je, alimsamehe? Hilo nalo nililiuliza, kwa woga. Alisema, "Sijui. Sikumwambia nimekusamehe. Nilizima jiko, nikamwambia, mwakani usilete vitambaa. Njoo tu." Na mwalimu alikwenda. Miaka minane zaidi, mikono mitupu. Sufuria aliendelea kutozifunika hadi mwisho. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nao mshindo wake haukuisha kwa kuungama. Binti yake anasema hata hospitalini, siku ya mwisho, muuguzi alipofunika bakuli la uji, mama alinyoosha kidole. Wakafunua. Akafumba macho.

Kwa binti yake, aliyekaa kando ya kitanda kile: pole sana, dada yetu. Kwa mdogo wake, aliyekula changarawe bila kulalamika: pole, babu. Kwa wanafunzi wake wote, poleni. Na kwako mama mshonaji, uliyefiwa mara mbili katika hadithi moja, pole ya pekee. Mazikoni ulikaa mbele pamoja na familia, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Mungu awapumzishe wote wawili, aliyesema na aliyechelewa kusema.

Sasa sisi tuliobaki. Nilipomaliza kuusikiliza ule ukanda nilikaa hapa nikiwa peke yangu, na swali lile likanigeukia. Basi naanza mimi. Mlango wa dharura wa jengo hili, ghorofa hii tuliyopo, umefungwa kwa mnyororo. Ndani tuko watu kumi na wanane. Nimepita mbele yake kila siku kwa miaka miwili, nikasema labda wakubwa wanajua. Mkubwa wangu, najua unanisikiliza. Nimekwambia leo leo, nami kesho nitakuja kukuuliza umelifanyia nini.

Na wewe unayesikiliza, uliye dukani, jikoni, nyuma ya usukani, kwenye benchi la mapumziko na redio ndogo. Nakuuliza kama alivyouliza yeye. Umeona nini hapo ulipo, ambacho hujakisema?

Sitacheza wimbo. Nitahesabu mpaka kumi.