Risala ya Kupokea Kufuli

Mgeni rasmi, Bwana Vincent Kiema, mkurugenzi wa Mfuko wa Elimu wa Vilima Vitatu. Maafisa mliofuatana naye kutoka Voi. Padri wetu mwenye chumba hiki. Mwalimu wetu Wakio. Majirani wote mliokuja kuona: hamjambo.

Sisi ni wanafunzi ishirini na tatu wa Darasa la Watu Wazima, Njukini. Tumemchagua katibu wetu, Susan Mumbe, asome kwa niaba yetu kwa sababu yeye hakwami akikutana na neno refu. Akikwama leo, mjue si neno lililomkwamisha.

KUKARIBISHA

Karibu sana Njukini. Tunajua barabara imekutikisa tangu Taveta, na vumbi umelibeba mpaka ndani. Chai inachemka kwa Mama Wayua hapo nyuma.

Mgeni rasmi, tuseme mapema kwamba risala hii imetutesa. Nusu ya darasa walitaka tuanze na ombi, tulitaje kabla hujakaa. Mwenyekiti wetu, Mzee Kituku, akakataa katakata. "Mtu hajanawa hata mikono, nyinyi mnamuomba? Mlilelewa wapi?" Nusu nyingine wakamjibu kwamba ni adabu hiyohiyo iliyotuponza. Tumebishana wiki nzima na hatukuafikiana. Kwa hiyo tumefuata mpangilio wa risala kama tulivyofundishwa, ombi mwisho, huku tukiogopa kwamba tunakosea tena.

TULIKOTOKA

Darasa lilianza miaka mitatu iliyopita, Mfuko wako ulipomleta Mwalimu Wakio kutoka Bura. Siku ya kwanza tulikuja sita, na wawili kati ya hao walidhani ni mkutano wa mbolea. Wengi wetu tunalima mahindi na maharagwe na kuuza sokoni. Tunakalia viti vya watoto wa chekechea, magoti yakigusa kidevu. Mlango tuliufunga kwa kamba ya katani, na mbuzi wa hapa wamekwisha kujua kuifungua.

MAFANIKIO

Mzee Kituku sasa anatia sahihi. Zamani alikuwa akipaka wino kwenye kidole gumba, na siku hizi anatia sahihi hata pale asipoombwa. Mama Wayua alisoma kadi yake ya kliniki kwa mara ya kwanza akakuta kwamba kwa miaka tisa ameandikwa mwanamume. Thadeus alisoma pakiti ya mbegu akagundua kwamba alikuwa akipanda kwa nafasi ya mahindi mengine kabisa. Watu kumi na mmoja kati yetu tutafanya mtihani mwezi wa Novemba. Tulidhani tutafanya.

Mwaka huu tulianza kuandika barua kwa Kiingereza. Mwalimu alituambia hoja zisirundikwe kama kuni. Kila moja ipewe neno la kuitanguliza. Akaandika ubaoni "Firstly", "Secondly", "Thirdly", na mwisho kabisa "Lastly". Tuliyapenda maneno hayo kupita kiasi. Kwa muda wa mwezi mmoja hapakuwa na mtu Njukini aliyetumwa chumvi dukani bila kuambiwa "Firstly".

CHANGAMOTO

Mwezi wa Machi tulikuandikia barua. Ndiyo barua yetu ya kwanza ya Kiingereza, nasi tuliandika hoja kama tunavyoomba huku kwetu. Ukienda kwa mtu kuomba ng'ombe wa kulimia, huanzi na ng'ombe. Unauliza mvua, unauliza watoto, unaomba maji ya kunywa, unaomba labda mbegu kidogo za kunde. Ng'ombe unamtaja ukiwa umeshasimama kuaga, na mwenyeji anajua kwamba hicho ndicho kilichokuleta. Kitu kikubwa kinatoka mwisho. Hakuna aliyetufundisha hivyo. Ndivyo watu wanavyofanya.

Basi tukaandika: "Firstly", kufuli la mlango. "Secondly", chaki. "Thirdly", saa ya ukutani. "Fourthly", viti vya watu wazima. Tukampa Mwalimu asahihishe. Akatupa kumi na saba juu ya ishirini, na chini akaandika kwa wino mwekundu kwamba barua haina hoja ya mwisho, tutie "Lastly".

Tulikuwa nayo. Tulimficha Mwalimu asiione. Jioni tulikutana kwa Mama Wayua bila Mwalimu, tukaongeza: "Lastly, we beg you, do not take Teacher Wakio from us before our examination," yaani tunawasihi msituondolee Mwalimu Wakio kabla ya mtihani wetu. Tulikuwa tumesikia kwamba mkataba wake wa hapa unaisha mwezi huu wa Juni na kuna kituo kipya kinamngoja Voi. Tuliona haya kumwomba yeye mwenyewe, na tuliona haya zaidi asome kwamba tunamwomba.

Mgeni rasmi, majibu yenu yalikuja mazuri, yenye mhuri. Yalisema Mfuko hutimiza ombi moja kila muhula, kwa kufuata umuhimu kama waombaji walivyoupanga, na kwamba ombi letu kuu, yaani kufuli, limekubaliwa. Tulisoma mara nne. Valentine, ambaye ndiye bingwa wetu wa Kiingereza, akauliza, "Sasa hii Firstly ni kitu kikubwa ama ni kitu kidogo?" Tulihesabu kwa vidole: muhula huu kufuli, ujao chaki, halafu saa, halafu viti. Mwalimu Wakio zamu yake ni Septemba ya mwaka kesho.

Tukaandika barua ya pili haraka, tukamweka yeye mbele na kufuli nyuma. Tukajibiwa kwamba barua ya pili itashughulikiwa maombi ya barua ya kwanza yakiisha.

Hapo ndipo tulipochanganyikiwa kabisa, na mpaka leo hatujazinduka. Hatuwalaumu nyinyi wa Mfuko. Mliambiwa "Firstly" mkaamini, kama watu wanaoheshimu walichoandikiwa. Hatumlaumu Mwalimu, alitufundisha kupanga, sisi hatukumwambia tunapanga nini. Na kujilaumu wenyewe hatujui tuanzie wapi, maana tulikuwa na adabu.

MAOMBI

Tumefika. Mgeni rasmi, kufuli tumeliona mezani, limefungwa utepe, ni kubwa na linang'aa. Tunakushukuru kwa dhati. Kama bado inawezekana, lirudishe, na chaki usilete, na saa usilete. Viti tumevizoea. Badala ya vyote hivyo tunaomba kitu kimoja, nacho hatukipi namba: Mwalimu Wakio abaki Njukini hadi Novemba.

Mwalimu, tunakuona hapo ulipokaa umeacha kuandika. Tusamehe. Hukuwa ukijua, na hii si njia ya kumwambia mtu jambo, mbele ya wageni na mpiga picha. Hatukukuuliza hata kama wewe mwenyewe unataka kubaki. Mwenzetu Rita anasema Ijumaa alikuona ukilia ulipokuwa ukifuta ubao. Valentine anasema ni vumbi la chaki. Tulipigia kura jambo hilo, zikatoka sawa kwa sawa, Mzee Kituku akakataa kupiga yake. Kwa hiyo hatujui. Kama unataka kwenda Voi, sema, nasi tutakubebea mizigo yako wenyewe. Tutaumia, lakini tutabeba.

Mgeni rasmi, tunaomba jibu lisije kwa barua. Barua tumeziogopa sasa. Tujibu kwa mdomo, ukiwa umesimama hapa, na tafadhali anza na hilo kabla ya shukrani na kabla ya picha. Mama Wayua ameambiwa asimimine chai mpaka useme.

Mungu akupe afya, aibariki kazi ya Mfuko wako, mvua za vuli zisitupite. Na tunajua gari lako linaondoka saa tisa, na kwamba nyuma kuna begi la kijani la Mwalimu ambalo dereva alilipakia asubuhi kabla hatujafika. Mungu akufikishe Voi salama, wewe na wote uliokuja nao, idadi ileile mliyokuja nayo.

Ni sisi wanafunzi wako,
Darasa la Watu Wazima, Njukini.