Apolinaria Siwema, Aliyekwenda Kisumu Kuangalia

Ndugu, jamaa, majirani wa Kanyenye na wageni wetu mliotoka mbali, mimi ni Wenceslaus, mdogo wake marehemu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniagiza nisome habari zake leo, akanionya nisizirefushe na nisimfanye mtakatifu. Nitajitahidi.

Marehemu Apolinaria Siwema alizaliwa hapa Kanyenye, Tabora, tarehe 12 Juni 1911, mtoto wa kwanza wa Mzee Anton Lugembe na Mama Josepha. Baba yetu alikuwa mpagazi wa misafara ujana wake wote. Alibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo mara tisa, na bega lake la kulia lilibaki chini kuliko la kushoto hadi anakufa.

Alisoma katika shule ya masista hapa mjini kuanzia mwaka 1920 hadi 1926. Hesabu hakuzipenda. Kushona alikuweza, na kucheka darasani alikuweza zaidi, hata akaadhibiwa kufagia kanisa mara nyingi kuliko mfagiaji mwenyewe. Mwaka 1927 masista walimchukua katika zahanati yao wamfundishe ukunga. Huko alitulia. Alipofika miaka ishirini na mbili, kina mama wa Kanyenye walikuwa wakimwita kwa jina kabla ya kuwaita waume zao.

Wakati huo alikuwa amechumbiwa na Justus Bundala, fundi mitambo, ambaye alikuwa amepata kazi Kisumu, nchi ya Kenya, katika karakana ya meli za ziwani. Mwezi wa Aprili 1934 Justus aliandika barua: kazi ni nzuri, nyumba ameshapewa, njoo tufunge ndoa, tuishi huku.

Mama alilia kana kwamba barua ile ni ya msiba. Dada hakulala vizuri wiki nzima. Kwake hakukuwa na njaa wala ugomvi wa kukimbia. Alikuwa na kazi aliyoipenda na watu waliompenda. Wote tulitazamia baba akatae. Baba akamwita uani.

"Mwanangu, unataka kwenda?"

"Sijui, baba."

"Bagamoyo nilikwenda mara tisa, na kila mara niliamua kurudi baada ya kuuona mji kwa macho yangu. Wewe utaukataaje mji usioujua? Nenda kaangalie."

Mama akadakia kutoka jikoni, "Na akipapenda je?"

"Akipapenda, tutakula samaki wa huko," alisema baba.

Basi Julai 1934 dada alipanda treni hadi Mwanza, kisha meli hadi Kisumu, akisindikizwa na shangazi Benedikta ili watu wasipate la kusema. Walifikia kwa Bibi Kuluthumu, jirani ya Justus, aliyekuwa na mimba kubwa. Siku ya tano, adhuhuri, Kuluthumu akikaanga maandazi, uchungu ukamshika. Mkunga aliishi ng'ambo ya pili ya mji. Justus akarukia baiskeli kwenda kumwita. Dada akaepua karai, akanawa mikono, akamwambia shangazi achemshe maji. Justus aliporudi anahema, mkunga yuko nyuma ya baiskeli, mtoto alikuwa ameshaogeshwa na shangazi yuko mlangoni anakula maandazi.

Dada alikaa wiki sita. Siku ya kuondoka, Justus alimuuliza gatini, "Vipi, umepaonaje?"

"Nimepapenda," alisema. "Ndiyo maana naogopa."

Akarudi nyumbani bila kumpa jibu. Alitaka kufikiri akiwa Tabora, akitutazama. Oktoba alimwandikia Justus kwamba atakwenda, kwa masharti mawili: watoto wao wajue Kinyamwezi, na kila baada ya miaka miwili waje nyumbani. Mama alimnunia siku tatu. Siku ya nne alianza kumfungia karanga na asali ya Sikonge, na hakuacha kufunga mpaka siku ya safari.

Walifunga ndoa hapa Tabora, Jumamosi tarehe 9 Februari 1935, wakaishi Kisumu miaka ishirini na miwili. Kijaluo alijifunza kwa kukosea. Siku moja alitaka kumwambia mama aliyekuwa akimzalisha asukume, kumbe amemwambia acheke. Wakacheka wote wawili, na mtoto akatoka. Masharti yake yalitimizwa, isipokuwa miaka ya vita safari zilipokuwa ngumu. Mama yetu naye alikwenda kuwatembelea mwaka 1947, kwa mwezi mmoja. Alikaa mitano.

Mwaka 1957 Justus alistaafu, wakarudi Kanyenye. Dada akaanza kazi tena, safari hii bila kuitwa na mtu.

Machi mwaka huu alianza kuvimba miguu, na daktari akasema ni moyo. Bibi Kuluthumu alifika Agosti kumuuguza, pamoja na Flavia, binti wa marehemu anayeishi Kisumu. Alasiri moja nilimuuliza, "Dada, uliwahi kujuta kuondoka?"

Akasema, "Ningebaki, ningeishi vizuri pia. Sikudanganyi. Lakini haya niliyoishi ndiyo niliyoyachagua, Wense, na nimeyafurahia sana."

Alifariki nyumbani kwake Alhamisi tarehe 3 Septemba 1959, saa nne asubuhi. Mkono mmoja umeshikwa na mumewe, mwingine na Kuluthumu.

Ameacha mume, Justus Bundala, watoto watatu, Flavia, Marko na Batuli, wajukuu watano, mama yetu, Mama Josepha, ambaye bado ana nguvu za kutukemea, na mimi mdogo wake. Kisumu ameacha watu wanaomlilia kwa lugha nisizozijua.

Mtangulizi wetu, Mungu akupokee kwa mikono miwili, kama ulivyotupokelea watoto wetu. Lala kwa amani, dada.