Majani ya Kutuliza Tumbo

Mwalimu wa hesabu alikuwa akisahihisha madaftari ndani ya treni, lakini masikio yake yalikuwa kwa wanawake wawili waliokaa mbele yake.

"Tunakata kipande cha utumbo wa sungura, mama," alisema mmoja wao, dada anayefanya kazi maabara. "Kwenye maji vuguvugu ya chumvi kinacheza chenyewe. Juzi tulikidondoshea maji ya majani kama hayo uliyoshika. Kikaacha kucheza kabisa."

"Si ndiyo dawa! Mume wangu tumbo lilikuwa linamkata. Nilipompa, likatulia."

"Na choo anapata?"

Mama akahesabu kwa vidole. Mwalimu, kwa mazoea ya kazi, akahesabu naye.

"Tangu Ijumaa, bado."

Siku tano! Kalamu ilimponyoka mwalimu.

"Tumbo limevimba?"

"Limejaa kama ngoma. Lakini halalamiki."

"Mama, utumbo wake umesimama kama ule wa sungura! Mpeleke hospitali leo hii!"

"Nimelea watoto sita kwa majani haya, mwanangu. Usinitishe na sungura wako."

Treni iliposimama, mama alishuka amenuna. Mlango ulikuwa bado wazi mwalimu alipomwona ameweka simu sikioni.

"Baba watoto, kile kikombe cha majani cha asubuhi umeshakinywa? Kama bado, kimwage!"