Papa Barthélemy Aliyeita Ng'ambo

Mgeni rasmi, karibu bandarini kwetu. Utuwie radhi kwa harufu ya sambaza, dagaa wa ziwa hili. Ndiyo inayosomesha watoto wetu, hatuwezi kuificha hata kwa heshima yako.

Sisi ni nani

Sisi ni wamama tunaonunua sambaza kisiwani Idjwi na kuziuza hapa Bukavu. Ziwa ndilo njia yetu. Mpaka na Rwanda unapita humo majini, lakini hakuna kati yetu aliyewahi kuuona.

Tulichofanikiwa

Mafanikio yetu makubwa ni kwamba tuko hai. Jioni moja moteur ya boti yetu ilizimika katikati ya ziwa, na dhoruba ikaanza. Ofisi moja ya serikali ilikuwa imeona tumejaa kupita kiasi. Ya pili ilijua upepo unakuja. Ya tatu ilikuwa na boti yenye mafuta. Kila moja ilikaa na habari yake, isiiambie nyingine.

Aliyetuona ni papa Barthélemy, mlinzi wa ziwa, peke yake kilimani na jumelle ya kuonea mbali na radio yake. Aliita wakubwa, wakamwambia angoje amri. Alitutazama tukisukumwa upande wa Rwanda. Ndipo akamwita Mireille, mlinzi wa ng'ambo. Hawajawahi kuonana, ila kila jioni walisalimiana kwa radio: "Uko?" "Niko."

Siku hiyo alimwambia: "Mireille, batu yetu banakuja kwako, moteur imekufa. Tafazali, ubakamate!"

Walinzi wa ng'ambo wakatuokoa sote, hata mwenzetu maman Priscille aliyeng'ang'ania beseni lake la sambaza kama kitindamimba wake.

Shida

Papa Barthélemy akafukuzwa kazi. Eti aliwapa wageni siri za ulinzi. Loo! Siri gani, kama si vilio vyetu?

Sasa anashinda nyumbani. Mke wake alikwisha fariki, na watoto walio Kavumu wanaogopa kumpigia simu. Akipita mtaani anasikia: "Ule aliuzisha inchi." Kanisani hakuna anayekaa benchi lake. Hayo anayavumilia. Yanayomshinda ni jioni, saa ya radio, kwa kuwa anajua Mireille anauliza kama yuko, na hapati jibu. Alimweleza hivyo maman Priscille, kisha akaomba msamaha kwa kumchosha.

Maombi

Tunaomba ofisi ziambiane zinachokiona majini, na ziambiane na za ng'ambo, kabla watu hawajafa. Tunaomba papa Barthélemy arudishwe kazini. Tunajua hayo yana vikao na mihuri yake, tutavumilia.

Mungu akubariki na akufikishe salama kwako.

Lakini kuna moja ambalo ni la leo. Mzee yule mwenye koti la bluu, aliyesimama peke yake mlangoni, ndiye. Tulimwekea kiti hapa mbele akakataa, anasema asikuaibishe. Mtaa mzima umekuja na unatazama. Mgeni rasmi, kabla hujatujibu sisi, tunakuomba ushuke jukwaani, uende ukampe mkono.

Ni sisi, Wamama wa Sambaza wa Bandari, Bukavu.
Msomaji: maman Séraphine.